Mtaro Nilioufukia Nyuma ya Nyumba

Tata,

Mama akijua nakuandikia atanikemea. Kanisani tumefundishwa kwamba aliyekufa amelala, hasikii wala hajui. Naamini hivyo. Lakini baba ni wewe, na jambo hili sina mwingine wa kumwambia.

Kila mwaka kabla ya masika uliizunguka nyumba hii. Ulipanda ngazi ukatoa majani ya mkaratusi kwenye gata za paa, ukapigilia misumari ya mabati iliyolegea, kisha ukagonga kuta kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na plasta. Ko, ko, ko. "Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito, Moraa. Ukisikia utupu, jua maji yameingia." Mwisho ulizibua mtaro wa juu, kati ya shamba la chai na nyumba, uliopeleka maji ya mlima kwenye migomba. Nilikucheka. Nilisema nyumba za wenzetu zinasimama bila kubembelezwa.

Siku ya kukuzika watu walifurika, hema likakosa mahali. Ni mimi niliyesema mtaro ufukiwe. Ni mimi, Tata. Nikasema tutauchimba wiki ijayo, nikarudi kazini Kisii mjini. Miezi minne ikapita.

Mvua zilipoanza Mama alinipigia simu. Hakunisalimia. "Baba yenu anagonga ukuta."

Nilifika Ijumaa. Alasiri mvua ilinyesha kama kawaida ya huku, na ilipokatika nikasikia, chumbani kwenu, ukuta wa nyuma. Ko. Kimya. Ko, ko. Ilianzia chini ikipanda, polepole, kama mtu anayepima. Nikaweka kiganja ukutani. Plasta ilikuwa baridi, imelowa, na kitu kikagonga kutoka ndani, pale pale chini ya kiganja changu. Mwanamke wa miaka arobaini, nilikimbia hadi katikati ya chai bila viatu. Niliporudi nilimpigia fundi mmoja wa Kiogoro. Akaahidi kuja Jumapili.

Jumamosi, Sabato yetu, tulitoka kanisani jua likiwaka. Mama alikuwa amechoka, akajilaza kitandani. Nilimwomba alale sebuleni, akakataa. Alisema hawezi kumwogopa mume wake. Mimi nilikuwa jikoni, kile kijumba cha nje, napasha chakula. Mlango wa mbele nauona wote.

Mtu akabisha. Mara tatu, kwenye mbao. Nikainua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama aliitikia, "Karibu!" Nikamsikia akija na mkongojo wake, taratibu. Akafungua, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza, "Nani huyo?"

Hapo hapo ukuta wa nyuma ulianguka. Vumbi likatoka mlangoni likampita Mama pande zote. Tulipoingia, kitanda kilikuwa kimefunikwa na matofali hadi kwenye mto.

Fundi alitueleza. Maji yalituama juu ya nyumba, yakapenya chini ya msingi, matofali ya udongo yakalainika, vipande vikawa vinabomoka na kuanguka nyuma ya plasta. Ndiyo kugonga kule. Nilimwamini. Habari ya mlango sikumwuliza. Jumamosi ile uwanja ulikuwa bado tope la mvua ya Ijumaa, na nyayo zilizokuwepo ni zangu na za Mama, tulivyorudi kutoka kanisani. Nilizitazama mara nyingi.

Mtaro nimeuchimba mwenyewe, kwa jembe lako. Ukuta mpya umepanda, msingi wake ni mawe na simiti. Jioni moja nilimwambia Mama ni nani aliyeamuru mtaro ufukiwe. Alichukua ndizi nyingine. Kisha akasema, "Ulikuwa na msiba, mwanangu," akaendelea kumenya ndizi.

Tata, kama ni wewe, asante. Kama si wewe, sitaki kujua ni nani.

Nimerudi kukaa nyumbani. Kazini nakwenda nikirudi. Nakuahidi: kabla ya kila masika nitapanda ngazi, nitazibua, nitapigilia, nitasikiliza. Kwa hiyo usiamke tena kwa ajili yetu. Usisimame tena mlangoni na udongo huo wote wa kaburi juu yako. Lala, Tata. Nyumba ina mtu.

Binti yako,
Moraa