Wamempa Mtoto Jina Langu kwa Kifaransa

Mpendwa mshauri Mama Albertine, naomba unisaidie, maana nikimweleza jirani atacheka na nikinyamaza nitapasuka. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, naishi peke yangu Katuba, hapa Lubumbashi, sina mume wala mtoto, jina langu ni Disanka, ambalo kwa Kiluba cha kwetu Kasai maana yake ni furaha, na usiniulize kama limenifaa. Mama yetu alipofariki aliniachia mdogo wangu Edouard hajaanza hata shule, nikamlea mimi, nikauza makala, yaani mkaa, nikauza mikate, wachumba walikuja wakamkuta mtoto mgongoni wakadhani ni wangu wakaenda zao, na mimi sikujuta, kwa sababu Edouard, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, tangu akiwa mdogo alikuwa ananiambia, "Yaya, mutoto wangu wa kwanza mwanamuke atakuwa majina yako," na wewe unajua kwetu majina ni kitu gani, mtoto akibeba jina lako mnaitana majina, wengine husema somo, mpaka kufa, wewe ndiye wa kumwogesha na kumbeba siku ya kumtoa nje, na ukizeeka yeye ndiye anayekuja kuuliza kama umekula. Basi mkewe Falonne alipopata mimba nikanunua kikwembe, kitenge cha kumbebea, kizuri, cha ndege wa bluu, nikakiweka.

Mtoto amezaliwa wa kike, kule Kipushi wanakoishi, nikaenda na kikwembe changu kwenye mfuko, nikakuta wanatafuta jina, mama yake Falonne ambaye ni mtu wa Kasenga anasema aitwe Nsansa, kwa Kibemba ni furaha, jirani mmoja anasema Esengo kama watu wa Kinshasa, mwingine anasema Furaha tu inatosha, yaani mshauri, majina yote ya furaha yalipita pale sebuleni isipokuwa langu, na mwisho Falonne akasema, "Tutamuita Félicité. Yaya, usikasirike, Félicité na Disanka iko maana moja tu, ni français." Nikamtazama Edouard, akatazama chini. Aliponisindikiza barabarani nikamuuliza, na yeye hajawahi kujua kunidanganya, akasema, "Yaya, Falonne iko naogopa. Anasema muntu mwenye kubeba ile jina atabakia peke yake sawa weye."

Nilirudi na kikwembe changu. Tangu siku hiyo nawasha redio asubuhi mpaka usiku ili nyumba iwe na sauti ya mtu, napika bukari, ugali wetu, ya watu wawili kwa mazoea halafu naitazama, inaniuma sana, mshauri, sikufichi. Ubatizo ni Jumapili ijayo na wamenialika. Nimefikiria mambo mawili, la kwanza nisiende, wajue wamenifanyia nini, la pili, tafadhali usinicheke, nimeanza kuwaambia akina mama wa kanisani waniite Félicité, na katekista amesema kuongeza jina inawezekana, ili mtoto awe majina yangu hata kama hawataki. Nifanye lipi?

Félicité (zamani Disanka), Katuba

*

Disanka,

Nakuita hivyo kwa sababu huyo Félicité aliyetia sahihi simfahamu. Félicité ni mtoto mchanga wa Kipushi, ananyonya. Wewe ni mama mzima, acha kukimbia na jina la mtoto.

Pole sana, ndugu yangu. Umekosewa, na nitasema wazi ili Falonne naye asikie kama anasoma. Majina si maana ya neno. Ingekuwa ni maana tu, nusu ya Lubumbashi tungekuwa majina sisi kwa sisi. Majina ni mtu, na mtu hatafsiriwi. Na Edouard, mwanamume mzima, kutazama chini wakati yaya aliyemlea anavunjiwa heshima mbele ya wakwe! Aone haya.

Sasa zamu yako, na usinune. Jina halikukuletea upweke. Nawajua akina Furaha wanaolia kila siku, na kuna Mateso mmoja pale Kamalondo anacheka mpaka majirani wanalalamika. Wewe uliweka maisha yako yote juu ya mtoto mmoja, akakua, akaoa, kama watoto wote, ukabaki umekaa unangoja akupe mwingine. Mtoto huyu hakuzaliwa ili aje kuuliza kama umekula. Hata angeitwa Disanka, huo ni mzigo mkubwa kwa mtu asiyeweza hata kukaza shingo yake. Falonne amekosea, lakini ni mama mpya na anaogopa. Maisha yako anayaona kwa mbali, na kwa mbali kila kitu kinatisha.

Basi fanya hivi. Kwa katekista usirudi. Usingoje Jumapili, nenda Kipushi Ijumaa, na nguo za kulalia. Mwambie Falonne uso kwa uso, bila Edouard katikati, kwamba neno lile lilikufikia na likakuumiza. Liseme mara moja, usilitie chumvi, wala usianze kumsimulia makala uliyouza. Kisha omba maji ya vuguvugu umwogeshe mtoto. Akikataa, osha vyombo, lala, asubuhi omba tena. Jumapili padri akisema Félicité, itikia Amina kwa sauti watu wageuke. Ukirudi Katuba, ile bukari ya pili ipeleke kwa jirani unayeogopa atakucheka. Acha acheke, mtakuwa mnakula.

Sitakudanganya kwamba upweke utakwisha kwa ubatizo mmoja. Lakini nimeisoma barua yako tena na tena. Umeniambia nani alitaka jina gani, na kwa lugha gani. Umeniambia hata rangi ya ndege wa kwenye kikwembe. Hukuniambia mtoto anafanana na nani. Nenda ukamtazame.