Mama Anasema Niandike Mzima

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kurudisha fomu na mpaka sasa nimejaza majina na chumba tu.

Mimi ni kibarua kwenye karakana ya meli, mbali na kwetu, huu mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi, na wenzangu wananiita Msasa. Shule niliishia darasa la sita, nikikosea mahali unisamehe. Mwaka huu kampuni imesema waliotimiza miaka kumi wapewe safari ya siku saba kwenye meli ya abiria tuliyoikarabati sisi wenyewe, mtu na jamaa zake watatu, wote chumba kimoja atakachochagua mwenyewe. Nikaandikisha mama yangu, dada yangu ambaye ni fundi cherehani na anaishi na mama, na binti yangu wa miaka kumi na miwili ambaye wananilelea, wao watapandia bandari ya karibu na nyumbani na mimi nitakuwa nimeshapanda huku. Chumba sikuhangaika nacho. Nilichagua cha ghorofa ya saba, mbele kabisa, kwa sababu nilikipaka rangi mimi, tabaka tatu, na nilipokuwa napaka nilikuwa naona jua linaingia dirishani linalala kitandani, nikasema hapa ndipo mama angelala. Sijamwona ana kwa ana miaka mitano.

Sasa fomu inauliza magonjwa. Nikampigia mama.

"Mama, hapa wanauliza unaumwa nini."

"Wanauliza ya nini, wanataka kununua?"

"Wanamuuliza kila mtu."

"Andika mzima. Mimi ni chuma, mwanangu."

Mshauri, mimi nimelishwa na kutu miaka kumi, chuma nakijua, lakini nikaaga nikakata simu.

Kesho yake dada akapiga, akauliza soketi ya umeme iko upande gani wa kitanda. Nikamwambia iko karibu na mlango. Akauliza hatua ngapi. Nikasema nne, kwani simu yako ina haraka gani. Hakucheka. Akauliza mlango una upana gani.

"Dada, unataka kuushonea gauni?"

"Wewe pima, uniambie."

Nikajua ni ufundi wake tu, maana huyu mtu hata sufuria anaipima kwa futi ya kamba. Saa ya chakula nikaenda nikapima, inchi ishirini na mbili. Nikamwambia. Akasema haitoshi. Nikauliza haitoshi nini, akasema, "Kiti cha mama. Kina ishirini na tano."

Ndipo akanieleza kwamba mapafu ya mama yamechoka, mwaka na nusu sasa akitoka nje anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na usiku analala na mashine ya kumsaidia kupumua ambayo haitakiwi kuzimika, na daktari amesema kusafiri anaweza mradi mashine ipate umeme na yeye asipande ngazi. Mama aliwaapisha wote wasiniambie, hata binti yangu. Ndiyo maana kwenye simu ya video huwa namwona mabega na kichwa tu, ametulia kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Kwetu aliye mbali haambiwi ugonjwa, anaambiwa ukiisha au mgonjwa akiisha. Baba niliambiwa ana mafua, na nilipoomba kuongea naye alikuwa na siku nne kaburini. Sikumlaumu mtu, ndivyo tulivyo.

Kipo chumba kingine, ghorofa ya tano, katikati ya meli, mlango wake mpana, soketi iko kichwani mwa kitanda, lifti iko mbele yake na bafu lake halina kizingiti, wakati lile la ghorofa ya saba kizingiti kinafika katikati ya muundi. Hakina dirisha. Lakini hicho wanapewa walioandika ugonjwa na kuambatanisha barua ya daktari. Nikiandika, mama atajua dada amesema, na alishaapa kwamba siku nitakayojua, hasafiri, hataki mtu aje kumtazama kama maiti. Nisipoandika, atafika kwenye mlango ambao kiti hakipiti. Dada anasema niandike mzima, watambeba, na mashine watavuta umeme kwa waya mrefu. Mchomeleaji ninayeishi naye chumba kimoja anasema, "Meli ina daktari, wewe unaogopa nini?"

Jambo jingine dogo. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye jukwaa la mabomba, nyonga haikurudi vizuri, natembea na fimbo na wamenihamishia stoo ya rangi. Nyumbani niliwaambia nimepandishwa cheo. Si uongo sana, funguo ninazo mimi. Kwenye fomu nadhani nami niandike mzima, tusichanganye mambo.

Sasa niandike kweli mama asusie, au niandike uongo tuonane?

Msasa

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Msasa, pole kwa baba, na pole kwa nyonga. Umeandika barua nzima juu ya mama anayeficha ugonjwa, na mistari mitatu juu ya fimbo yako ukaiita jambo dogo. Nimeisoma hiyo mistari mara mbili. Wewe na mama yako ni mtu mmoja, tofauti ni kwamba yeye ana binti wa kumsemea. Mficha maradhi kilio humfichua, na ninyi kilio kimeshawafichua mara moja, mkaendelea kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya jirani.

Huo mpango wa dada yako uache. Waya mrefu watu wa usalama melini watauchukua. Kumbeba mama atambeba nani, fundi cherehani na mtoto wa miaka kumi na miwili? Na huyo mchomeleaji mwambie daktari wa meli ana chumba kimoja na kabati, na hawezi kujiandaa kwa ugonjwa ambao umeandikwa haupo. Mashine ikionekana gatini bila barua, mama anaweza kurudishwa mbele ya abiria wote, na wewe uko juu unaangalia. Hapo ndipo uongo wako ungewakutanisha.

Leo mpigie mama, usimpitie dada. Usitaje kiti. Mwambie ulianguka, una fimbo, cheo hakikuwepo. Atakusema. Mwache akuseme mpaka achoke, hiyo ni haki yake na umeichelewesha mwaka mzima. Akimaliza, mwambie: "Mama, kwangu naandika nyonga. Kwako niandike nini?" Halafu nyamaza. Mtu aliyetoka kukugombeza kwa kuficha hupata shida kuficha palepale. Akisema tena ni chuma, mwambie unajua habari za kiti, na lawama zibebe wewe: ulimbana dada yako kwa maswali. Huo uongo mmoja nakuruhusu.

Kisha chukua chumba cha ghorofa ya tano. Katikati meli haiyumbi sana kama mbele, na jua atalifuata kwa lifti. Barua ya daktari itaje mashine kwa jina na umeme inaotumia, na watu wa meli wakujibu kwa maandishi kwamba wanaikubali. Dawa zikae mkoba wa mkononi, na ziwe za siku zaidi ya saba. Omba msaada wa kiti wakati wa kupanda. Wewe lala kitanda cha chini, ngazi za kitanda si zako tena.

Na mama akikataa kabisa, usimbembeleze. Rudisha tiketi, shikilia ruhusa ya kazini ya hizo siku saba, uende nyumbani. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipolifikiria hilo.