Mzee Mmoja wa Mtaani Kwetu

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha: nimepata ile kazi! Ni kampuni ya kusaga unga, nami nitakuwa idara ya manunuzi ya nafaka.

Kwenye usaili walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Wawili waliniuliza mambo ya masomo, nikayamaliza. Wa tatu, mama wa makamo mwenye miwani ya kioo kinene, ndiye mkuu wa idara. Mwishoni akauliza kama nimewahi kuona mtu akifanya udanganyifu kazini, na nilijifunza nini. Nikajibu, baba, na nilipomaliza wote watatu walikuwa wameweka kalamu chini wananitazama. Kesho yake wakanipigia simu.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu mama,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa macho yangu yanazidi kuingia ukungu, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Barua yako mama yako ameizungusha mtaa mzima. Hata yule fundi cherehani anayesalimia watu kwa kununa amekuja kutupa hongera.

Sasa hebu niambie, ulijibu nini? Hujawahi kuajiriwa, huo udanganyifu wa kazini uliuonea wapi? Fundi aliniuliza, nikamwambia nitakuuliza.

Halafu daktari ameniandikia niende hospitali kubwa ya huko uliko. Nikija nitapita ofisini nione unapokaa. Sitakaa sana.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za macho? Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Lile swali nilijibu maneno ya kawaida tu, hata siyakumbuki vizuri. Nimewatumia sweta, ya kijivu ni yako.

Ukija, afadhali tuonane nyumbani kwangu. Getini kwetu wana masharti mengi.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nilipokuona ulionekana mzima.

Nilikuja hospitali Jumanne. Daktari alinimaliza mapema, nikasema ngoja nikakushtukize. Mlinzi wenu ni mtu mwema, alinikalisha kwenye benchi la mapokezi akapiga simu juu. Akaniambia uko kwenye mkutano. Nikamwambia nitangoja, sina haraka. Nilikuwa nimevaa lile koti langu la harusi.

Haukupita muda mkashuka. Sura sikuziona vizuri, lakini kicheko chako nakijua. Mmoja wenu akauliza yule anayetuangalia ni nani. Nikakusikia unasema, "Mzee mmoja wa mtaani kwetu." Mkapita.

Sikukuita. Mama yako nimemwambia sikukukuta. Silaumu, mama. Nataka tu kujua kama ni koti, au kuna jambo nimekukosea.

Baba yako

12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Siulizi hali yako, naogopa jibu. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Si koti.

Siku ya usaili nilisimulia habari zako. Nilisema mtaani kwetu palikuwa na mpimaji wa ghala la nafaka aliyechezea mizani akawapunja wakulima, mpaka wakamtoa nje mbele ya watu, watoto wa shule tumesimama tunatazama. Yule mama wa miwani akaniuliza, "Huyo ni nani wako?" Nikasema, "Jirani tu."

Lilitoka kirahisi, baba, kama nalisema kila siku. Hilo ndilo linanitia aibu zaidi. Na halikuishia hapo. Walilipenda jibu lile hata kila wakija wafanyakazi wapya naitwa kuwasimulia. Mtu akifanya ujanja kidogo ofisini, wenzangu husema amefanya ya jirani, nami hucheka nao. Siku uliyokuja tulikuwa tunatoka kwenye masimulizi hayo. Mlinzi aliposema kuna mzee chini ananiulizia, nilijua ni wewe, nikaona wakikujua tu watauliza ulifanya kazi gani na kuunganisha mambo. Nikasema nina mkutano. Hapakuwa na mkutano.

Sijui nikuombe nini.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu mama,

Sisi wazima. Nimechelewa si kwa hasira. Kila nilipokaa kuandika, ile siku ya ghala ilinijia.

Uliyosimulia ni ya kweli. Na usije ukajifariji kwamba nilifanya kwa ajili yako. Meneja aliniagiza, nikaogopa, halafu nikazoea. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila nikimaliza kumpimia alikuwa ananiombea dua. Nami naitikia amina, huku najua nimempunja.

Kwa hiyo kuitwa jirani nilistahili. Ila pale kwenye benchi sikuwa mpimaji, mama. Nilikuwa mtu aliyekuja kumwona mwanawe. Hapo ndipo paliponiuma.

Usiseme kitu huko kazini. Watakufukuza. Niache niwe jirani.

Baba yako

20 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Sikukusikiliza.

Niliitwa tena kusimulia. Nikasimama mbele ya wafanyakazi wapya, nikaikatisha ile hadithi. Nikatoka, nikamfuata mkuu wa idara ofisini kwake, nikamwambia yule mtu ni baba yangu mzazi. Aliivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku tuliyokuuliza kuhusu uaminifu, ndiyo siku uliyotudanganya."

Nikasema ndiyo.

Sijafukuzwa. Nimetolewa manunuzi, nimepelekwa stoo kuhesabu magunia matupu, na muda wangu wa majaribio umeanza upya. Nikiingia kantini mazungumzo hukatika. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, nami nimekiona, na bado nala chakula changu.

Nilikwenda pia kwa mlinzi, nikamwambia yule mzee wa benchini alikuwa baba yangu. "Najua," akasema. "Alinitajia hilo kabla hata hajakaa." Nilirudi stoo nikalia mpaka pua ikaziba.

Ukirudi hospitali, naomba nije kukupokea kituoni. Nisamehe, baba.

Binti yako

3 Agosti

Mwanangu mama,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, na sasa anajua yote. Alinigombeza mimi kwanza, halafu wewe.

Daktari atanipasua jicho Alhamisi ijayo, kwa hiyo nitapanda basi la Jumatano asubuhi. Njoo unipokee. Ofisini kwako tusiende, bado nikilikumbuka lile benchi nainamisha kichwa, na nadhani hata wewe. Tukikutana usihangaike kutafuta maneno, mimi pia sitakuwa nayo.

Nitashuka wa mwisho. Siku hizi ngazi za basi sizioni vizuri, nangoja watu wapungue. Usiondoke ukidhani sikuja.

Baba yako