Jua Likitoka Tutakwenda

Morecambe,
Jumatano, 14 Mei

Wifi yangu mpendwa Doreen,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu wote, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Barua yako ya Machi ilifika salama, pamoja na picha yako ukiwa umekaa bustanini huko Perth, kofia kubwa kichwani, umefinya macho kwa jua. Nimeiweka juu ya redio. Kila anayeingia kunywa chai anaitazama, anaguna, kisha anasema kuna watu wamezaliwa na bahati zao. Mimi mwilini sijambo. Najua nimechelewa sana kukujibu. Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nne nimeichana, na sababu utaiona huko mbele.

Uliniuliza mambo mawili: hali ya hewa ya huku, na macho ya Clifford. Uliyaweka kwenye kurasa mbili tofauti. Kwetu sisi yamekuwa jambo moja, kwa hiyo nivumilie nikianza na mawingu.

Tangu Februari mpaka mwanzoni mwa mwezi huu hatukuona jua. Wala si mvua ya maana ambayo mtu angeweza kuilalamikia kwa heshima, ni manyunyu tu na ukungu, na anga limeshuka mpaka kwenye mabomba ya moshi. Shuka zinakauka jikoni, na usipoangalia unakula uji na soksi ya mtu ikikudondokea mgongoni. Maua ya bustani ya mji yalichanua, yakainama, yakafa, hakuna aliyesimama kuyaangalia. Ukiingia dukani kwa Ivy kununua mkate anakuuliza, "Bado?" na wewe unajibu, "Bado." Anasema redio imetabiri Alhamisi. Unamwuliza Alhamisi ya mwaka gani. Hapo mnacheka kidogo, unachukua mkate wako, unakwenda. Kesho yake ni yale yale.

Hujasahau, natumaini, adabu ya watu wa hapa. Mtu akikuambia kumekucha vibaya, unakubali. Hata kama moyoni unaona leo ni afadhali kuliko jana, unakubali kwanza, maana yeye hakukuuliza maoni yako, amekusalimu tu. Miaka arobaini na moja nimekaa na kaka yako na sikumbuki hata siku moja tumebishana habari za hewa. Tumebishana kuhusu mama yangu, kuhusu rangi ya mlango na kuhusu kila kitu kingine.

Basi mwezi huo wa Februari Clifford alimimina chai pembeni ya kikombe. Aliimimina yote, kwa utulivu, juu ya kile kitambaa alichokitarizi marehemu mama yenu. Nilipopiga kelele akasema jikoni kuna giza. Ni kweli, kulikuwa na giza. Wiki ile ile ikaja kadi kutoka kwa mpima macho, ikisema ni miaka minne hajaonekana pale, nami nikaichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Kisha ikaja barua yako, ukiniambia nimburute kwa sikio ikibidi, maana nyinyi watoto wa Mzee Ambrose hamna ruhusa ya kuchezea macho. Nilimsomea maneno yako neno kwa neno. Akacheka. Akasema, "Unataka nikasome vile viherufi kwenye giza hili? Hata kijana wa miaka ishirini angefeli. Jua likitoka tutakwenda." Nikamwambia aape. Akanipa mkono juu ya meza, tukakubaliana hivyo, siku ya kwanza ya jua.

Kwa hiyo unaona, wifi, wengine walitaka jua waanike shuka. Mimi nililitaka kwa ajili ya macho ya mume wangu. Kila asubuhi nilifungua pazia nikiwa na hofu, na sikujua kama ninaogopa kuliona au kutoliona.

Baba yenu nilimfahamu akiwa tayari kipofu. Nilipoletwa nyumbani kwenu mara ya kwanza nilimkuta kwenye kile kiti cha jikoni, mikono juu ya magoti, ameelekezwa dirishani. Kabla hajaniuliza jina aliniuliza, "Nje kukoje?" Alimwuliza kila aliyeingia. Clifford hajawahi kulizungumza jambo lile, wala mimi sikuwahi kumwuliza.

Jumamosi ya tarehe tano Aprili wakafungua msimu kule klabu, ule mchezo wao wa wazee wa kuviringisha mipira kwenye majani. Bado Clifford ndiye nahodha, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wote wamevaa makoti, mimi nimesimama pembeni na chupa ya chai. Kimpira cha manjano, kile cha kulengwa, kikatupwa mbele kwenye majani, na Clifford akapiga goti, akauviringisha mpira wake wa kwanza ukapita mbali kabisa, kama hatua tatu kutoka kwenye shabaha. Harold Bibby, yule rafiki yake wa tangu shule, akamwuliza, "Cliff, ulikuwa unamlenga nani, mke wangu?" Wakacheka wote. Clifford akasema mwanga mbaya. Wakasema kweli, mwanga mbaya sana, na Harold mwenyewe akakosa uliofuata. Nilirudi nyumbani nimepata moyo. Nilijiambia ikiwa Harold naye amekosa, basi ni mawingu.

Lakini siku chache baadaye aliamka, mimi nikiwa nimeshafungua pazia, akaniuliza akiwa bado kitandani, "Nje kukoje?" Wifi, nilisikia sauti ya baba yenu. Nikamjibu kwamba kuna mawingu, nikashuka kuweka birika motoni. Tangu hapo ananiuliza kila siku.

Sasa nikufikishe Jumamosi ya tarehe tatu Mei, siku waliyocheza na timu ya Heysham. Jua liliwaka tangu saa mbili asubuhi. Ivy alifunga duka mapema. Watu walitoka na viti vyao, watoto na barafu za kulamba, na Harold alivua sweta nikaona mikono yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Clifford nilimtafutia kofia. Ilipofika zamu yake alijipanga vizuri, akachukua muda wake, akauviringisha mpira taratibu, ukaenda ukasimama pale pale alipotaka. Ulisimama kando ya glavu ya manjano ambayo mtu aliiangusha ukingoni mwa kiwanja. Kimpira chenyewe kilikuwa upande mwingine kabisa. Vijana wa Heysham wakaanza kucheka, wakidhani ni mzaha. Clifford alibaki ameinama, anangoja kupigiwa makofi.

Harold akamwendea, akamshika bega. Akasema, "Mwanga mbaya leo, Cliff." Halafu Stanley Thwaite akasema, "Mbaya kweli kweli," na aliposema hivyo alikuwa ameweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Mmoja baada ya mwingine wakasema hivyo hivyo, wazee tisa, vipara vinang'aa, jasho linawatoka, wanamwambia nahodha wao kwamba leo kuna giza. Clifford akasema, "Ndiyo. Labda Alhamisi." Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuangalia. Sikuwaonea wao aibu.

Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne nilitoa kadi nyuma ya saa, nikampeleka. Hakubisha. Mpima macho hakumaliza hata dakika kumi, akasimama, akaenda kupiga simu hospitali. Juzi Jumatatu tukamwona daktari. Ni presha ya macho, ile ile ya baba yenu. Jicho la kushoto limekwisha, linaona kivuli tu. La kulia limebaki na nafasi ndogo katikati, na dawa ya matone inaweza kuilinda hiyo iliyobaki, akiitumia asubuhi na jioni maisha yake yote. Kilichopotea hakirudi. Daktari ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wako, lakini alituambia yote bila kuzungukazunguka, na nilimshukuru. Kisha akashika kalamu akauliza ni lini tuligundua kwamba haoni. Nikasema, "Jumamosi ya juzi, daktari." Akaandika.

Doreen, nilimdanganya daktari. Na wewe nimekuandikia barua yote hii kana kwamba jua la Jumamosi ile ndilo lilikuwa la kwanza. Halikuwa la kwanza. Jua lilitoka Alhamisi ya tarehe kumi na saba Aprili, kama redio ilivyosema.

Siku hiyo tulikuwa tumekaa kwenye benchi letu mbele ya bahari, mimi na yeye peke yetu. Ilikuwa saa nne. Mawingu yalifunguka mara moja, na milima yote ya ng'ambo ya ghuba ikasimama wazi, theluji bado iko juu vileleni, na chini yake nikaona mashamba na kuta zake za mawe. Nilikuwa nageuka kumwambia, na yeye akasema, uso ameuelekeza huko huko, "Bado kijivu tu. Hata milima haionekani." Kisha akauliza, "Au wewe unaiona?"

Nikasema, "Hapana. Bado."

Nimejiuliza kwa nini, na majibu ninayo mengi, hakuna hata moja la kunisaidia. Mdomo ulikubali kwa mazoea, kama unavyokubali dukani kwa Ivy. Pia niliona kile kiti cha jikoni kwenu. Niliona nikisema naiona, basi yeye ni kipofu tangu dakika ile, na nikisema siioni, tutakwenda nyumbani kula pai yetu tukiwa watu wawili waliochoshwa na mawingu. Kesho yake ukungu ukarudi. Nilifungua pazia nikafurahi, Mungu anisamehe. Ulikaa zaidi ya wiki mbili na kila siku nililalamika pamoja na watu, nikisema jamani tunalitamani jua, na moyoni naomba lisitoke. Kutoka benchi lile mpaka kwa mpima macho ni siku kumi na tisa. Daktari alisema kwa presha ya namna ile hata wiki moja ina maana. Alikuwa akieleza tu kwa ujumla. Aliangalia karatasi yake, hakuniangalia mimi.

Kwa hiyo nina ombi, na ndiyo maana mara hii sijaichana barua. Nenda kapime macho yako. Hata kama unaona mpaka mwisho wa barabara, nenda, maana daktari amesema ugonjwa huu unafuata damu, na ameniagiza niwaambie ndugu wote. Usingoje chochote. Wewe ndiye uliyemlea Clifford mama yenu alipofariki, na siku mnapanda meli ulinishika mkono ukaniambia nimtunze. Ukinikasirikia sitajitetea.

Jana nilimwambia yeye. Alikuwa anamenya viazi, kazi ambayo sasa anaifanya kwa vidole, na vizuri kuliko mimi. Nilimweleza yote, milima, theluji, kuta za mawe. Hakuacha kumenya. Akaniambia alijua. Akasema, "Mbao za benchi zilikuwa na joto, Marjorie. Nililihisi mpaka mapajani." Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha. Akasema ahadi ilikuwa siku ya kwanza ya jua, naye alikuwa tayari. Alikuwa amekwisha kunja gazeti. Alijiambia Marjorie akisema tu kwamba anaiona milima, atasimama na kwenda moja kwa moja kwa mpima macho, hata bila tai. Ila kulisema mwenyewe alishindwa. Alihitaji mtu mwingine alitamke.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. Kisha akauliza kama viazi vinatosha.

Nikomee hapo kwa leo. Wasalimie wajukuu, na Ivy na akina Bibby wote wanakusalimu. Clifford naye anakusalimu, amekaa hapa karibu nami, na anasema utume picha nyingine kubwa zaidi, ataishika karibu na jicho la kulia. Sasa hivi amenisikia nimeweka kalamu chini, ameniuliza nje kukoje. Nimemwambia ukweli, kuna mawingu, milima haionekani. Halafu amefungua dirisha, ametoa mkono nje, ameukunjua, anangoja aone kama utapata joto.

Mimi wifi yako,
Marjorie