Boma la Baba kwenye Disketi

Migosi, Kisumu
3 Mei 1998

Kaka Dishon,

Natumaini mafua uliyotoka nayo matangani yamekuacha. Mimi ni mzima, ila mtu akikohoa mlangoni bado nadhani ni Baba.

Kazi uliyonipa nimemaliza. Disketi iko kwa bahasha, usiikunje. Chuoni kuna programu ya kuchora mawazo: jambo kuu unaliweka katikati, mengine yanaota matawi pande zote. Katikati ni Baba. Kumzunguka ni nyumba zake tatu, ya Mama Dorca, ya Mama Seline na yetu, kila moja na watoto wake na shamba la mpunga inalolima. Wazee wakiketi kugawa mashamba waone hata sisi tupo. Mama anaogopa watamwambia arudi kwao Port Victoria kwa sababu si Mjaluo. Wewe ndiwe mwana wa kwanza, tafadhali mtetee.

Ana kwa ana nisingeweza kuomba haya.

Dada yako,
Adero

Ahero
14 Mei 1998

Nyaminwa, dada yetu,

Mafua yaliisha, sasa ni mbu na maji mpaka mlangoni. Wote wanakusalimu. Mama yako nilimwacha akianika mpunga.

Kompyuta ya mpiga chapa wa sokoni ilikataa faili yako, ikatoa alama kama vidudu tu. Hata ingekubali, nilimweleza Mzee Ogola, atakayeongoza kikao, kwamba mchoro unakaa kama buibui, akaniuliza, "Na buibui anasomwa kuanzia mguu gani?" Igeuze iwe maandishi ya kawaida, mstari chini ya mstari, uprinti. Tunakutana tarehe thelathini.

Kaka yako,
Dishon

Migosi
22 Mei 1998

Kaka,

Nawaombea maji yapungue. Mimi sijambo. Nimegeuza, programu yenyewe inateremsha matawi yanakuwa mistari. Karatasi ndiyo hii.

Dada yako,
Adero

Ahero
1 Juni 1998

Adero,

Kama u mzima, shukuru. Huku sisi si wazima.

Nilisoma karatasi yako vile ilivyokuja. "Nyumba ya kwanza: Nabututu." Mama yako, juu ya wote. Mzee Ogola akaniuliza kama nimelewa. Unajua kwetu nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ndiyo hutajwa kwanza, na mikayi ni mama yangu. Kumweka wa tatu juu yake ni kumwambia amekufa. Mama yako aliulizwa nani alikutuma. Akasema yeye hajui kompyuta. Mtu akajibu, "Hajui kompyuta, lakini kompyuta inamjua." Walicheka sana.

Wanaketi tena Jumamosi tarehe 13. Niambie ukweli, dada kwa kaka, nijue nitamteteaje.

Dishon, kaka yako

Migosi
5 Juni 1998

Kaka Dishon,

Leo salamu hazitoki vizuri, nisamehe.

Kwenye mchoro hakuna wa kwanza, wote wanamzunguka Baba. Lakini programu inakumbuka tawi ulilochora mwanzo, na ikigeuza inaanza na hilo. Nilianza na Mama kwa sababu ndiye mkono wangu unamjua. Hayo waambie.

Haya mengine ni yako peke yako. Karatasi ilipotoka niliona. Ningeweza kupanga upya, ni kazi ndogo. Nikaangalia jina la Mama huko juu, mahali hajawahi kukaa, nikasikia utamu. Nikasema liache. Mama hakujua chochote. Nitakuja nipige magoti kwa Mama Dorca, lakini Mama asiguswe.

Dada yako mdogo,
Adero

Ahero
14 Juni 1998

Nyaminwa,

Naomba hii ikukute na afya, masomo yakienda vizuri. Sisi sasa tumepumzika.

Asante kwa kuandika wazi. Jana nilisomea wazee barua yako yote, na ile sehemu uliyosema ni yangu peke yangu nikairudia, maana Mzee Ogola hasikii vizuri. Wengine niliwatafsiria. Mama yako hakuhitaji, Kiswahili ndicho mlichoongea nyumbani kwenu. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilipofika pale pa utamu akajifunika uso na leso. Nikamuuliza, "Mama, huyu si binti yako?" Akasema ni wake. Mzee Ogola akasema mtoto hajui utamu wa chungu asichoonjeshwa nyumbani.

Mama yako ameondoka leo asubuhi na sufuria zake, kwenda kwao Port Victoria. Shamba lenu nitalima mimi, lisiote magugu.

Karatasi yako ilipofika nilijua ni makosa ya mashine. Kalamu ilikuwa mfukoni, ningeandika tu namba pembeni kuzipanga nyumba, nikaacha. Nakuambia kwa sababu wewe pia uliniambia yako.

Sasa nitengenezee nyingine, ya nyumba mbili, nakala tatu. Sijui ukifuta tawi kama mengine yanasogea yenyewe, ama utayasogeza wewe.

Kaka yako akupendaye,
Dishon