Nundu Baharini

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, yuko shambani anang'oa karanga. Baba yako bado yuko machimboni Geita, kila akipiga simu anasema anarudi kesho.

Umeniuliza kama enzi zangu za kukata mkonge huko Tanga niliwahi kumwona huyo pomboo mnayemchunguza masomoni. Nilimwona! Jumapili moja nilikaa karibu na mikoko nikiwawaza ng'ombe wetu wa huku nyumbani Samuye. Mara mdomo mrefu ukachomoza majini, kisha mgongo wenye nundu kama ya ng'ombe, na mtoto wake ubavuni. Bila kufikiri nikapiga mluzi wa kuitia ng'ombe. Akazama. Nilidhani amekwenda zake kilindini, lakini akaibuka palepale, kwenye maji mafupi. Mvuvi mmoja akanicheka: "Huyo haendi mbali, kwao ni hapahapa pwani."

Nilimwonea wivu pomboo yule. Haukupita muda nami nikarudi kwetu.

Siku hizi ng'ombe wakiingia lamboni kunywa maji, naziangalia nundu zao, nangoja zizame.

Babu yako,
Masanja