Sahani ya Daku Niliyoiacha Wazi

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya, hapa hapa Rumonge, saa tano za asubuhi. Salma amenilalia mapajani. Mjukuu wako ana miaka saba sasa. Leo alfajiri amekula uyoga kwenye sahani yangu, uyoga ambao nilikuwa bado naupima. Naogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe, na mtu wa kumwambia nimemkosa, ndiyo maana nimeomba karatasi kwa muganga wa kituo.

Kazi iliyotuleta hapa unaijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyeniachia. Miaka ishirini na kitu ulipika kwa Mzee Renzo, Mwitaliano wetu wa mgahawa wa ufukweni, aliyekuja kwa miezi miwili akaja kuzeekea hapa. Kwake mwaka haukuwa na miezi, ulikuwa na vyakula. Mkesha wa Krismasi nyama ilikuwa marufuku, samaki tu: ndagala za kukaanga, mukeke wa kuoka, sangala kwenye nyanya. Ukamwuliza, "Patron, kwenu kufunga ni kushiba samaki?" Akacheka mpaka akavua miwani. Mwaka mpya alitulisha dengu, eti zinaleta utajiri, nawe ukamwambia umekula dengu tangu utotoni na huo utajiri labda umepotelea njiani, Muhuta huko.

Halafu Kwaresima. Siku ya Mtakatifu Yosefu alitaka mambo mawili. La kwanza, maandazi yenye krimu ya mayai ndani, ambayo wewe uliyaumua kuliko ya kwao, hata yeye alikiri. La pili, tambi pana za kukanda kwa mkono, na uyoga badala ya nyama. Mvua zikinyesha vizuri, wanawake wa milima ya juu ya Kizuka walishuka na vikapu vya uyoga mwekundu kama mawese, na Mzee Renzo akaunusa akasema ni kama wa kijijini kwao. Wageni walitoka Bujumbura kwa ajili ya sahani hiyo moja.

Hapo ndipo ulipoweka sharti lako. Uyoga hautoki jikoni mpaka mpishi awe ameula kwanza, akakaa, akasubiri. Si kuonja kwa ncha ya ulimi, ni kula sahani nzima. Ulikula asubuhi, wageni wakala jioni. Ramadhani ilipoanza kuangukia msimu wa mvua, watu walidhani utaacha. Wewe ukauhamishia kwenye daku. Ulikula kabla ya adhana, ukafunga, ukafanya kazi zako, na jua likikaribia kuzama ukiwa mzima unasema, "Haya, wape."

Nakumbuka siku niliyonyoosha mkono. Nilikuwa na umri wa Salma huyu. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, sahani gotini, harufu ya vitunguu saumu imejaa ua mzima, nami nikachomoa kipande kimoja. Ulinipiga kofi mkononi hadi kipande kikaruka. "Weye mutoto, ondosha mukono! Hiyi haiko chakula, iko kazi." Nililia sana. Nilikuona mchoyo, Mama, na kinyongo hicho nilikuwekea moyoni kwa miaka.

Ulipofariki, misimu miwili iliyopita, nilichukua jiko lako na aproni yako. Sharti nalo nikalichukua, kwa mdomo tu. Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana, siku ile ile ya Yosefu, usingizi ulinipitia. Niliamka adhana imeshatoka. Sikula daku wala uyoga. Mchana Mzee Renzo akauliza, "Hadija, umekula?" Nikasema, "Nimekula, Mzee." Nilisema uongo nikiwa nimefunga, fikiria! Jioni watu kumi na mmoja wakala, nami nikasimama nyuma ya pazia la jikoni nikiwatazama nyuso. Mmoja alikohoa kwa sababu ya pilipili, nikatoka mbio na maji. Hakuna aliyeugua. Lakini mimi nimeugua hofu mwaka mzima, na niliapa kwamba msimu huu nitakula, hata nikiwa mgonjwa.

Basi nimekula. Leo, siku ya Yosefu tena, niliamka mapema chumbani kwetu nyuma ya jiko la mgahawa, nikakaanga, nikala nusu. Salma naye aliamka, maana amejitangazia kwamba mwaka huu anafunga kama mkubwa. Nilimpa uji wake na mkate. Muda ukawa umebana, nikaenda kutia udhu, nikaiacha sahani mkekani bila hata kuifunika. Ni hilo tu. Niliporudi sahani ilikuwa nyeupe, na yeye anajifuta mdomo. "Mama, ya kwako ilikuwa tamu kuliko ya kwangu."

Sikumpiga, Mama. Nilikaa chini. Kisha nikaenda kukitazama kikapu kwenye mwanga, na katikati ya ule mwekundu nikaona vipande viwili vilivyopauka, vyenye shina la namna nisiyoijua. Labda ni uyoga uliozeeka tu. Labda sivyo. Na kama kimoja kiliingia kwenye kikaango, sijui kilikwenda kwa nani, kwangu au kwake. Nimemwomba Mungu kiwe kwangu.

Saa tatu akasema, "Tumbo inauma." Nikambeba mgongoni mpaka hapa, mkubwa vile alivyo, nikikimbia. Muganga, mwanamke mpole wa Kizuka, akamminya tumbo, akamtazama macho. "Inauma namna gani, chéri? Kama ugonjwa ama kama njaa?" Salma akafikiri. "Sijui. Sijafunga mbele ya leo." Muganga akampa chai, akakataa. Nikamwamuru anywe, akakaza meno akalia kwamba namharibia saumu. Nimemnywesha kwa nguvu, Mama, huku tunalia wote wawili. Tumbo likatulia. Lakini wewe mwenyewe ulisema uyoga mbaya hauna haraka, unamwacha mtu acheze kwanza. Kwa hiyo nasubiri. Kila akijigeuza roho yangu inaruka. Akinyamaza sana namwamsha, ananikasirikia.

Alasiri. Mzee Renzo amekuja, nilikuwa nimempelekea habari. Alipita jikoni akamwaga kikapu chote ziwani, na wageni atawapa mukeke, wasiotaka warudi Bujumbura wakale kwao. Amekaa nami kwenye benchi, kofia mkononi. Nikamwambia yote, na ule uongo wa mwaka jana pia. Nilitegemea anifukuze. Aliiweka kofia benchini, akasema kwa Kiswahili chake: "Hadija, mama yako, kila mara ikikula uyoga, inakuja kwangu mbele ya kukula. Inasema, Patron, mutoto wangu iko kwa nyumba, nikikufa umuchukue, umusomeshe. Kila mara. Halafu inakula."

Kila mara, Mama. Nami nilikuwa pale uani naruka kamba, nimekununia kwa sababu ya kipande kimoja. Ulikuwa unaogopa hivi, na ulikuwa unaimba huku unakanda unga! Uliwezaje? Mimi siwezi. Nimemwambia Mzee Renzo kwamba sitakula tena uyoga, na hakuna atakayeula kwenye jiko lile nikiwa mimi ndiye mpishi. Kama sahani ile haiwezi kupikwa bila mtoto wa mtu kuwekwa rehani, basi ife. Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba msamaha, nadhani kwa hofu uliyoibeba wewe kwa ajili ya sahani yake.

Sasa jua limezama. Salma amekula wali na maharage, amemaliza, ameuliza kama kuna tende. Muganga anasema turudi nyumbani, nilale naye kitanda kimoja, na asubuhi nimrudishe wamtazame tena. Anasema, "Iko muzuri, mama, usiogope." Nasema ndiyo, murakoze, asante, na naogopa vile vile. Mimi mwenyewe nilikula kile kile, lakini tumbo langu nimelisahau tangu alfajiri.

Tulipotoka mlangoni Salma alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akauliza, "Mama, mbona ukaogopa vile? Nilitaka kufa?" Nikambeba tena mgongoni. Nilipokuwa kama yeye nililala, nikacheza, nikala maandazi ya krimu, na hofu yako sikuiona hata siku moja. Mwanangu hofu yangu ameiona yote, kwa siku moja.

Pumzika, Mama. Huku nitakesha mimi.

Binti yako uliyempiga kofi mkononi,
Hadija